Fomu ya Watu Watatu

Kuna fomu moja ya serikali ya Marekani ambayo nimeipenda kuliko fomu yoyote inavyostahili kupendwa. Ilikuwa inajazwa na watu watatu. Hawakuhitaji kuwa viongozi wa chama cha wafanyakazi wala kuwa na wakili. Watu watatu tu wa kiwanda kimoja, waliopunguzwa kazi au walioambiwa wajiandae, walikaa wakaiandikia Wizara ya Kazi: ajira yetu imeondoka, na tunaamini imeondoka kwa sababu ya bidhaa za nje. Chunguzeni.

Na wizara ilikuwa inachunguza kweli. Ofisa alipewa jalada, akamtaka mwajiri alete takwimu za uzalishaji na mauzo, akawauliza hata wateja wa kile kiwanda kama wamehamia kwa muuzaji wa nje, halafu akatoa uamuzi wa maandishi wa ndiyo au hapana. Tangu mageuzi ya mwaka 2002 sheria ilimpa siku 40 kumaliza kazi hiyo. Uamuzi ulitangazwa hadharani, kiwanda kikitajwa kwa jina na mji wake.

Hebu lifikirie jambo hilo ukiwa umekaa Tabora. Hapa kiwanda kikifungwa, tunachobaki nacho ni maneno ya kijiweni. Mmoja atasema ni wizi wa menejimenti, mwingine Wachina, mwingine mitumba, mwingine atakuambia ni siasa za huko juu. Wote wanaweza kuwa sahihi, na hakuna karatasi hata moja ya kuwaamua.

Mpango wenyewe, wa kuwasaidia waliopoteza kazi kwa bidhaa za nje, unaitwa TAA kwa ufupi (Trade Adjustment Assistance). Ulianza mwaka 1962, enzi za Rais Kennedy, ambaye alitaka kupunguza ushuru ili nchi yake ifanye biashara zaidi na Ulaya, huku vyama vya wafanyakazi vikiwa na wasiwasi. Ukawa kama mapatano: turuhusuni tufungue milango, na atakayeumia tutamshika mkono. Ahadi tamu, ila miaka ya mwanzo ilibaki ahadi. Mfanyakazi alitakiwa athibitishe kwamba ushuru uliopunguzwa ndio hasa ulioongeza bidhaa za nje, kisha athibitishe tena kwamba bidhaa hizo ndizo hasa zilizomnyang'anya kazi. Hadi kufikia mwaka 1969 alikuwa hajafuzu mtu. Sheria ya mwaka 1974 ndiyo iliyolegeza kamba: ikatosha kuonyesha kwamba bidhaa za nje zimechangia kwa kiasi kikubwa. Magari ya Japani yalipofurika, wafanyakazi wa viwanda vya magari wakamiminika na fomu zao, gharama zikapaa, na mwaka 1981 utawala wa Reagan ukaupitishia mpango panga.

Aliyefuzu alipata nini? Kwanza mafunzo ya kazi mpya, yakilipiwa. Akiwa bado darasani, na malipo ya kawaida ya kukosa kazi yakiwa yamekwisha, aliendelea kupewa posho ya kila wiki. Akipata kazi mji mwingine alirudishiwa hadi asilimia 90 ya gharama za kuhama. Na kwa wenye miaka 50 kwenda juu palikuwa na kitu kilichonifurahisha kuliko vyote: ukikubali kazi yenye mshahara mdogo kuliko wa zamani, serikali ilikufidia nusu ya pengo kwa muda wa hadi miaka miwili, mradi jumla isizidi dola 10,000. Yaani kuna mtu ofisini alikaa akatambua kwamba mzee wa miaka 52 huwezi kumwambia "anza upya" kama kijana aliyemaliza chuo jana.

Halafu tarehe 1 Julai 2022 mamlaka ya kuidhinisha watu wapya yakakoma, kwa sababu Bunge lao halikuyahuisha. Waliokwisha kufuzu waliendelea kuhudumiwa. Waliokuwa wanasubiri jibu walibaki wanasubiri.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha kusokota nyuzi. Jina la kiwanda naliweka pembeni. Katikati ya miaka ya 1990, wakati mashirika ya umma yanabinafsishwa chini ya ile tume tuliyoizoea kwa herufi PSRC, alipewa barua. Barua hiyo ninayo. Imepigwa kwa taipureta ambayo kila herufi ya o imetoboa karatasi, ukiiinua juani unaona vitundu mstari kwa mstari. Sababu iliyoandikwa ni "hali ya uendeshaji". Maneno matatu kwa miaka yake yote ya shifti za usiku.

Alichukua akiba yake ya NPF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi uliokuja kugeuzwa NSSF mwaka 1997, akanunua cherehani ya Butterfly na kuiweka barazani pa duka la spea za baiskeli, si mbali na soko kuu. Wanaojua cherehani wanajua Butterfly inatoka Shanghai. Mtu aliyepoteza kazi ya nyuzi wakati vitambaa vya Asia vinajaa madukani alianza maisha mapya kwa mashine ya Asia, tena mashine imara ambayo hadi leo inapiga kazi. Nikimtania kuhusu hilo hunijibu kwamba cherehani haina kosa.

Miaka ya mwanzo alishona hasa. Suruali za kupimwa, kaunda suti, magauni ya sikukuu. Kisha mitumba ikazidi. Si kwamba ilianza wakati huo. Mlango ulifunguliwa mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu waagize bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na Mzee Ruksa, yaani Rais Mwinyi, alipoingia ukaachwa wazi kabisa. Tuliokuwa tumechoka kupanga foleni ya khanga hatukulalamika. Ila ilifika mahali belo zikawa zinashuka Tabora kwa wingi kiasi kwamba shati zima, na vifungo vyake, likawa rahisi kuliko kitambaa cha kulishonea. Hapo fundi anashindana na nini? Hata akishona bure, mteja amepata hasara.

Leo kazi yake ni kurekebisha nguo za waliokwenda kuchagua. Kupunguza kiuno, kukata pindo, kutia zipu, kugeuza kola iliyochakaa. Hufumua kwa nusu ya wembe aliyoizungushia kitambaa upande wa kushikia. Uzi anaoutoa haupotezi: anauvuta taratibu hadi utoke mzima, anauviringisha kwenye kipande cha boksi, na mara nyingine anaushika kwa vidole viwili na kuuzungusha kinyume ili aone ulivyosokotwa. "Huyu mashine yake ilikuwa inahudumiwa," atasema, akimsifu fundi mwenzake asiyemjua wa nchi asiyoijua. Pesa ya maana huiona Januari, kwenye sare za shule.

Siku nilipomuuliza nani aliichukua kazi yake ya kiwandani, nilitarajia ataje vitambaa vya nje. Alisema: "Umeme, mjomba." Umeme ulikatika katikati ya shifti, nyuzi zikakatika mashine nzima, na kuziunga upya ni kazi ya kutwa. Kisha vipuri, maana kuvitoa nje kulitaka fedha za kigeni ambazo hazikuwepo. Kisha pamba yenyewe, iliyofika na mchanga ndani. Kisha madeni. Vitambaa vya nje vilikuja mwisho kabisa, akavitaja kama mtu anayetaja mvua iliyonyesha siku ya msiba.

Sasa ofisa wa Marekani angeamua nini kwa jalada la namna hiyo? Bidhaa za nje zimechangia, ndiyo. Kwa kiasi kikubwa? Ingetegemea ofisa yupi, na hapo sitanii. Mchumi Benjamin Hyman alifuatilia maombi ya TAA akaona wachunguzi walitofautiana, wengine wepesi wa kukubali na wengine wagumu, na jalada liliweza kumwangukia yeyote. Akaitumia tofauti hiyo kupima faida ya mpango, akakuta waliofuzu walijipatia jumla ya kama dola 50,000 zaidi katika miaka kumi kuliko wenzao, ingawa faida ilipungua kadiri miaka ilivyosogea. Kwa hiyo ndani ya ile fomu niipendayo mlikuwa na bahati nasibu.

Mlikuwa na ukuta pia. Aliyeondolewa na bidhaa za nje alipata mafunzo na posho. Jirani yake aliyeondolewa na mashine mpya hakupata, na kodi ya nyumba wote wanadaiwa. Hata kwa waliolengwa msaada haukuwafikia wengi. Wachumi Autor, Dorn na Hanson walipochunguza maeneo yaliyopigwa na bidhaa za China, waliona fedha zilizoongezeka kwenye malipo ya ulemavu ni nyingi kuliko zilizoongezeka kwenye mpango uliotungwa kwa ajili ya balaa hilohilo.

Sisi tumechagua kutouliza sababu. Tangu sheria za mifuko zibadilishwe mwaka 2018, mwanachama wa NSSF aliyepoteza kazi pasipo kuacha mwenyewe, na aliyechangia angalau miezi 18, hulipwa fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Haijalishi kazi imekwenda China, imechukuliwa na mashine, au mwenye kiwanda amekimbia madeni. Kwa hilo nadhani tumewazidi Wamarekani kwa haki. Tulikopungukiwa ni kwenye kiasi, na zaidi kwenye picha tuliyonayo ya mtu aliyepoteza kazi.

Mwenye mshahara wa shilingi 300,000 atapata kama laki moja kwa mwezi, mara sita. Malipo hayo yametungwa kwa mtu anayesubiri kazi nyingine itangazwe. Tabora kazi nyingine haitangazwi, unaijenga: shamba la tumbaku Urambo, mizinga ya nyuki Sikonge, bodaboda, genge, cherehani. Vyote vinataka mtaji wa siku moja. Laki moja ya mwezi inaishia kwenye unga. Ndiyo maana kelele za fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako yote kwa mkupuo, haziishi, na wanaozipiga si walafi kama wanavyochorwa. Mjomba asingeinunua Butterfly kwa vipande sita. Kwa upande wa pili, leo amepita miaka sabini, hana pensheni, na bado anakanyaga pedali. Walioandika sheria walikuwa wanamfikiria yeye wa leo. Waliolalamika walikuwa wanamfikiria yeye wa siku ile ya barua. Mimi niko upande wa siku ya barua, lakini sina ujasiri wa kumwambia asiyekuwa na pensheni kwamba jambo hili ni jepesi.

Kuna pia kiinua mgongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayepunguzwa mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotumikia, ila miaka inayohesabiwa haizidi kumi. Fundi wa miaka 22 na fundi wa miaka 10 wanaweza kutoka getini pamoja, kila mmoja na siku zake 70. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amsafirishe mfanyakazi na mizigo yake hadi mahali alikoajiriwa, au amlipe nauli. Haki nzuri, na wengi hawaidai. Lakini hebu linganisha: Marekani ilimlipia mtu gharama za kwenda kazi iliko, sisi tunamlipia kurudi alikotoka. Wazee wa Kigoma na Tabora waliokwenda mkonge Tanga kama manamba wangekitambua kifungu hicho hata kwa giza. Kijiji kipo, kinamngoja, kitamlisha.

Kama hana kijiji, atakwenda halmashauri. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani imegawanywa: wanawake nne, vijana nne, wenye ulemavu mbili. Mwanamume wa miaka 52, mzima wa mwili, mwenye ujuzi wa miaka mingi, si kijana hata kwa hesabu ya huruma. Huyo ndiye hasa ambaye Marekani ilimtengea fidia ya nusu ya pengo. Kwetu hana dirisha.

Na yule fundi cherehani aliyeangushwa na belo ana hali ngumu zaidi, kwa sababu hajapoteza kazi mbele ya macho ya sheria. Hana mwajiri, hana barua, hana mchango wa NSSF. Mara ya kwanza Mjomba alitolewa kwa maneno matatu ya taipureta. Mara ya pili hayakuwepo hata hayo; wateja waliacha tu kuja na vitambaa.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliamua mitumba iondolewe hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Mjomba hakuamini, ila alipaka cherehani mafuta. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani, SMART, kikapeleka malalamiko kwa serikali yao kwamba ajira zisizopungua 40,000 za Wamarekani zitapotea, kikataka nchi zetu zichunguzwe kama bado zinastahili nafuu ya AGOA, sheria ya Marekani inayoziruhusu nchi za Afrika kuuza kule bila ushuru. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 ikasimamishiwa haki ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Anayechambua nguo kuukuu kule ghalani alikuwa na mahali pa kupeleka lalamiko na serikali ya kulisikiliza. Anayezipunguza kiuno huku barazani alisikia habari redioni.

Sisemi mitumba ipigwe marufuku. Naandika haya nimevaa shati la belo, na nusu ya vijana ninaowafahamu hapa mjini wamesomeshwa au wameoa kwa pesa ya mitumba. Ukizuia belo unawaondoa hao ili umrudishe Mjomba, na Mjomba mwenyewe anasema wateja wa kushona kaunda suti wamezeeka naye.

Serikali yetu ikitaka kumsaidia aliyeumizwa na bidhaa za nje, humsaidia bandarini. Kigoma wanajua. Mwaka 2018 ushuru wa mafuta ghafi ya mawese kutoka nje ulipandishwa kutoka asilimia 10 hadi 25, na mwaka huohuo Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaanza kulisukuma zao la chikichi, miche ya Tenera ikizalishwa Kihinga kuchukua nafasi ya Dura ya asili. Mkulima wa Kigoma anapata nafasi ya kupumua. Mama ntilie wa Tabora analipia nafasi hiyo kwenye dumu la mafuta. Huenda ni bei halali. Nachosema ni kwamba ushuru unalinda zao na kiwanda. Mtu aliyekwisha kutolewa haumtafuti.

Ndiyo maana narudia kwenye karatasi. Kifungu cha 38 cha sheria ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa mapema, aweke wazi habari zote zinazohusika, na ashauriane na wafanyakazi juu ya sababu, namna ya kuepusha, vigezo vya kuchagua nani aondoke na malipo yao. Sababu, basi, inatakiwa isemwe. Lakini inasemwa ndani ya chumba, kati ya mwenye kampuni na watu ambao hawana njia ya kukagua vitabu vyake, kisha inaishia humo. Bandarini kila kontena lina makaratasi yake. Mfanyakazi aliyesukumwa nje na kilichomo ndani ya kontena hana. Ofisa kazi wa mkoa akipewa mamlaka ya kupokea barua ya watu watatu, kuchunguza, na kubandika jibu lake ubaoni, hatutahitaji dola wala mfuko mpya. Viwanda vingapi vitakutwa vimeuawa na umeme? Vingi, nadhani. Basi tujue ni umeme, tuache kuwalaumu Wachina kwa makosa ya transfoma.

Kwa aliyepewa barua mwezi huu: isome sababu. Kama ni "hali ya uendeshaji" tu, omba kwa maandishi ufafanuliwe hali ipi, na uulize kikao cha mashauriano kilifanyika lini na nani alihudhuria. Piga hesabu ya siku saba kwa kila mwaka, mwisho miaka kumi, na usisahau likizo ambayo hukulipwa, cheti cha utumishi, na nauli kama uliajiriwa mkoa mwingine. Ukiona hukutendewa haki, una siku 30 tangu kuachishwa kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, kwa fomu yake namba moja, na siku hizo zinakimbia hata kama mwajiri anakuambia subiri tuzungumze. Nenda NSSF na barua yenyewe, usipeleke maelezo ya mdomo.

Na mkiwa watatu, mwandikieni ofisa kazi wa mkoa. Tajeni bidhaa gani imewatoa, inatoka wapi, inauzwa shilingi ngapi sokoni na ya kwenu ilikuwa shilingi ngapi. Hakuna sheria inayomlazimisha awajibu ndani ya siku 40. Pelekeni nakala mbili, na msitoke masjala mpaka ile mtakayobaki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.